Kucheza, Kuchezeshwa, Kuchezewa

Mei Mosi ina mtu wake. Anaitwa mfanyakazi bora. Amevaa fulana na kofia yenye kaulimbiu ya mwaka kama wenzake wote, lakini jina lake limo kwenye karatasi ya mshereheshaji, na likitajwa atapita mbele ya jukwaa kuu, atashikwa mkono na mgeni rasmi, kisha atarudi kwenye mstari na cheti na bahasha. Wanaompigia makofi wanajua jambo ambalo mgeni rasmi halijui. Mwaka juzi alikuwa dereva, mwaka jana mtu wa masjala, kwa hiyo mwaka huu ilikuwa zamu ya uhasibu. Sijawahi kuona ofisi inayokiri hadharani kwamba idara zake hupokezana tuzo hiyo, wala sijawahi kukutana na mtumishi aliyeshangaa kuambiwa kwamba kuna ofisi za namna hiyo.

Mtaalamu wa rasilimali watu atasema tuzo imeharibika. Mimi naona wafanyakazi hao ni werevu. Walipewa mashindano, wakaona yatawagombanisha na watu watakaoendelea kukaa nao chumba kimoja mwaka mzima, wakayageuza kimyakimya yakawa upatu.

Nimewakumbuka sana watu hao miaka hii ambapo mashindano ya kazini yamehama uwanjani na kuingia kwenye simu. Pointi kwa kila mteja aliyehudumiwa, beji kwa aliyemaliza mafunzo, ngazi za kupanda kuanzia fedha hadi almasi, changamoto ya wiki, msimamo wa wauzaji unaobandikwa kama msimamo wa ligi: viungo vyote vya mchezo vinatolewa kwenye mchezo na kutiwa kwenye kazi ili watu wajitume. Jina la Kiingereza la utaratibu huo lilibuniwa mwaka 2002 na Nick Pelling, mtengenezaji wa programu wa Uingereza, likaanza kusikika kila mahali kuanzia 2010. Waswahili wa mijini wameanza kusema gemifikesheni. Neno likibaki, na libaki, ila sidhani tunalihitaji ili kuifikiria hoja yenyewe, maana kitenzi chetu cha kucheza kina wana wanaotosha.

Anayecheza ameingia uwanjani kwa miguu yake. Anayechezeshwa ameingizwa: kuna mtu mwingine aliyechora mistari, aliyepuliza filimbi na aliyeamua goli liwe na upana gani. Anayechezewa, yeye amefanywa mpira. Wanaouza mifumo ya pointi makazini huzungumza kana kwamba kitenzi ni kimoja, na ukichunguza iliyofaulu na iliyoporomoka utaona kwamba tofauti mara nyingi imo humo, katika viambishi.

Wazo lenyewe ni kongwe. Robert Owen alipochukua uongozi wa viwanda vya kusokota pamba vya New Lanark, Scotland, mwezi Januari 1800, alikuta wafanyakazi ambao kwa maelezo yake walikuwa wazembe, walevi na wadokozi. (Waajiri wengi wapya huwakuta wafanyakazi katika hali hiyo.) Owen hakupenda viboko. Alibuni kipande cha mti cha urefu wa inchi mbili hivi, chenye pande nne, kila upande na rangi yake: nyeusi kwa mwenendo mbaya, buluu kwa wa hivi hivi, njano kwa mzuri, nyeupe kwa ulio bora. Kipande hicho kilining'inizwa mbele ya kila mfanyakazi, na rangi iliyotazama nje ilitangaza jinsi alivyofanya kazi jana. Mwenyewe alikiita kwa jina lenye maana ya msimamizi bubu. Alipopita kiwandani alimtazama mtu, akaitazama rangi, akaendelea na njia yake bila kutamka neno. Alama ziliandikwa pia vitabuni siku baada ya siku, na Owen anasimulia kwa fahari kwamba nyeusi ilianza kupungua, buluu ikashika nafasi, kisha njano, mpaka nyeupe nazo zikaonekana. Ondoa mti, weka kioo cha simu, na mfumo unaouzwa leo kwa dola utakuwa umeupata mzima: taarifa ya haraka, ya hadharani, inayosomeka kwa jicho moja.

Karne iliyofuata iliongeza ushujaa. Usiku wa kuamkia 31 Agosti 1935, katika mgodi mmoja wa Donbas, Aleksei Stakhanov alichimba tani 102 za makaa ya mawe kwa zamu moja, wakati tageti yake ilikuwa tani 7. Dola ya Kisovieti ilimfanya mfano kwa taifa zima, na kabla ya mwaka kwisha sura yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time la Marekani. Kilichotajwa kwa sauti ndogo ni kwamba nyuma yake walikuwapo watu wawili wakisimika nguzo za kuzuia mgodi usiporomoke, kazi ambayo kwa kawaida mchimbaji aliifanya mwenyewe katikati ya kuchimba. Mwaka 1936 viwango vya kazi vilipandishwa katika viwanda vingi vya nchi. Wenzake Stakhanov walijifunza kanuni ambayo haikuandikwa ubaoni: ukifunga magoli mengi mno, mwenye uwanja atalipunguza goli.

Waliosoma kanuni hiyo vizuri zaidi, kwa ninavyojua, walikuwa mafundi wa mashine wa Chicago. Mwanasosholojia Michael Burawoy, aliyekuwa ametoka kuchunguza migodi ya shaba ya Zambia, aliajiriwa kama fundi wa kawaida katika kiwanda cha injini kati ya 1974 na 1975, na kitabu alichokitoa mwaka 1979 bado kinasomwa. Malipo yalipanda kwa kadiri fundi alivyozidi kiwango kilichowekwa, na mafundi walikuwa wameugeuza utaratibu huo kuwa mchezo wao wenyewe, wenye lugha yake, mashujaa wake na utani wake. Kanuni kuu ilikuwa kutovuka asilimia 140. Aliyetengeneza zaidi hakuripoti. Aliificha ziada, akaitoa siku ambayo mashine ilimgomea. Hakuna bosi aliyewafundisha. Burawoy naye alijikuta amenogewa, anakimbizana na vyuma kama mtu anayetafuta ubingwa.

Hapo ndipo alipouliza swali ambalo linaitia doa hoja yangu, na sina budi kulikabili. Mchezo ule waliubuni wafanyakazi, waliupenda, waliulinda. Hata hivyo faida ya kukimbizana kwao ilikwenda kwa mwenye kiwanda, na mtu aliyezama katika kuhesabu kama atafikia kiwango leo hana nafasi ya kuhoji nani aliyekiweka kiwango hicho. Kwa Burawoy, mchezo ndio uliowafanya watu waridhie. Kwa hiyo kucheza kwa hiari hakumsafishi mwajiri. Kunafanya saa nane za zamu zipite kwa haraka na kumpa mtu heshima mbele ya wenzake, jambo ambalo si dogo, lakini mwisho wa mwezi mshahara bado unapangwa na mtu mwingine.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kila Ijumaa jioni msimamo wa wauzaji uliwekwa kwenye kundi la WhatsApp. Watatu wa juu walipewa picha ya kombe, watatu wa chini picha ya kobe. Mwezi wa kwanza tulicheka. Mwezi wa pili aliyepata kobe mara mbili alilinyamazisha kundi na kusema simu yake mbovu. Kufikia mwezi wa tatu, aliyekwisha kujihakikishia kombe Jumatano alimwambia mteja arudi Jumatatu ndipo risiti ikatwe, ili aanze wiki mpya akiwa na mtaji. Sikuwa nimemsoma Burawoy wakati huo. Nilipomsoma baadaye, akiba ya mafundi wa Chicago niliitambua mara moja: ni wateja wetu wa Jumatatu.

Kwetu huku kazi na mchezo havikuwa wageni hata siku moja. Bugobogobo ya Wasukuma ni ngoma iliyotoka shambani, na majembe yanayorushwa na kudakwa jukwaani leo ni majembe yaliyolima kweli. Kikundi kinalima kwa mstari, ngoma inalia, mwimbaji anatia maneno, na mwili unajua pa kushuka kabla akili haijachoka. Aliyelegea anaonekana kwa sababu amepoteza mdundo. Hakuna haja ya kuandika jina lake popote. Ushindani upo pia, tena mkali, ule wa Bagika na Bagalu, lakini una msimu wake baada ya mavuno, na mshindi ni kundi lililowavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Mizani iko mikononi mwa umati. Hakuna mwenye shamba anayehesabu pointi.

Mijini tuna mchezo mwingine, na huu hauhitaji mtafiti. Tajiri wa daladala anataka hesabu yake kila siku. Kinachozidi, baada ya mafuta, ni cha suka na konda. Kiwango kiko wazi, matokeo yanaonekana jioni ileile, na anayefikia mapema anaanza kujifanyia yake. Kwa vipimo vya vitabu vya motisha huu ni mfumo usio na kasoro, maana hakuna mfanyakazi wa serikali anayejituma kama konda saa kumi na mbili asubuhi. Gharama inalipwa na watu wasiokuwamo kwenye mchezo. Mwanafunzi anaachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo na kiti ni kilekile. Ruti inakatishwa abiria wakiwamo ndani. Gari linalingoja gari lenzake lipite kwenye kona, kisha linalikimbiza mpaka kituo kinachofuata. Konda si mtu mbaya. Hesabu inahesabu shilingi tu, naye anacheza kinachohesabiwa.

Nimeitaja daladala kabla ya mabenki kwa makusudi, maana tunapenda kudhani kwamba upumbavu huu unatibiwa kwa elimu na tai. Wells Fargo, mojawapo ya benki kubwa za Marekani, iliwawekea watu wake wa matawini lengo la kumuuzia kila mteja bidhaa nane. Kwa nini nane? Katika taarifa yake ya mwaka benki ilieleza kwamba kwa Kiingereza neno nane lina vina na neno linalomaanisha bora. Mauzo yalifuatiliwa kwa siku na tawi kwa tawi. Mwezi Septemba 2016 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kugundulika kwamba wafanyakazi walikuwa wakifungua akaunti na kadi kwa majina ya wateja bila wateja kujua. Takriban wafanyakazi 5,300 walifukuzwa, na hesabu ya akaunti zilizotiliwa shaka, iliyoanzia kama milioni 2, baadaye ilipanda hadi milioni 3.5. Lengo lilichaguliwa kwa ajili ya kina cha ushairi, na likafikiwa kwa uongo.

Tanzania tulifanya jaribio letu, kubwa kuliko la benki yoyote. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kuanzia mwaka 2013, shule za msingi za nchi nzima zilipangwa kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, kitaifa na ndani ya wilaya, na zikatiwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Owen angetabasamu. Hakukuwa na fedha za ziada kwa mwalimu wa shule ya kijani wala adhabu rasmi kwa mwalimu wa nyekundu. Ilikuwa msimamo tu, uliotangazwa. Wachumi Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipochambua takwimu waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Aibu ilifanya kazi. Lakini waligundua pia kwamba shule ziliwaacha nje baadhi ya wanafunzi, hawakufika darasa la mtihani, kwa sababu mtoto asiyefanya mtihani hawezi kufeli. Ni yule mwanafunzi wa kituo cha daladala, safari hii ameachwa na mwalimu mkuu.

Hata hivyo sipendi uvivu wa wanaoutupa mfumo mzima kwa mifano hiyo. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora wa kidato cha nne, wengi walishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao, lakini kuacha kuzisifu shule za juu hakujibu swali la jinsi ya kuziamsha za chini. Kuna ushahidi kwamba nyota na vibao huwapa watu nguvu ya kweli, na ushahidi ninaouamini zaidi unatoka jirani, Lusaka.

Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack walifanya kazi na zaidi ya wasusi na vinyozi 1,200 wa jiji hilo, waliokuwa wakiuza kondomu za kike kwa wateja wao katika mapambano dhidi ya Ukimwi. Waligawanywa katika makundi. Wengine walijitolea bila malipo, wengine walipata faida ndogo kwa kila pakiti, wengine faida kubwa zaidi. Kundi la mwisho halikupewa fedha. Lilipewa bango lenye picha ya kipimajoto la kutundika salunini, na kila pakiti iliyouzwa ilipata nyota kwenye bango hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: kundi la nyota liliuza mara mbili ya makundi mengine, likiwamo lile la faida kubwa.

Mtu wa menejimenti akisoma hapo hufunga kitabu na kwenda kuagiza nyota. Asome zaidi. Bango la Lusaka halikumlinganisha msusi na msusi wa mtaa wa pili. Lilimwonyesha mteja aliyekaa kwenye kiti kwamba huyu anayekusuka anafanya jambo lenye faida kwa mtaa, na lilimpa msusi mwanya wa kuanzisha mazungumzo ambayo vinginevyo yangemtia haya. Nyota zilihesabu kazi ambayo mwenyewe aliiona ina maana. Na watafiti waligundua kwamba nguvu ya nyota ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa na moyo wa kuisaidia jamii tangu mwanzo.

Ashraf na Bandiera, safari hii pamoja na Scott Lee, walirudi Zambia na jaribio lingine kati ya wanafunzi waliokuwa wakisomea kazi ya uhudumu wa afya. Walizitenga sehemu za tuzo kama fundi anavyofungua redio: kutambuliwa na mwajiri peke yake, kuonekana mbele ya jamii peke yake, kuambiwa nafasi yako kati ya wenzako peke yake. Kutambuliwa na kuonekana viliinua matokeo. Kuambiwa nafasi yako kulishusha, hasa kwa waliokuwa dhaifu, yaani walewale ambao tuzo ilikusudiwa kuwainua. Huko Amerika Kaskazini, Iwan Barankay alipata jibu la aina hiyohiyo kwa wauzaji wa samani waliozoea kuambiwa namba zao: walipoacha kuambiwa, mauzo yao yalipanda kwa asilimia 11.

Kwa hiyo katika furushi linaloitwa gemifikesheni kuna vitu viwili vilivyofungwa kamba moja kwa bahati mbaya. Kimoja ni kumwonyesha mtu kazi yake: umefika hapa, jana ulikuwa pale, na watu wameona. Kingine ni kumpanga dhidi ya mwenzake. Cha kwanza kinafanana na mdundo wa bugobogobo. Cha pili ni kobe wa Ijumaa, na ndicho cha bei rahisi zaidi kukitengeneza, maana kompyuta inajua kupanga majina kutoka juu hadi chini bila kuelewa chochote kuhusu kazi. Mwaka 2012 kampuni ya Gartner ilitabiri kwamba asilimia 80 ya mifumo ya aina hii ingeshindwa kufikia malengo kufikia 2014, hasa kwa kubuniwa vibaya. Namba za wauza utabiri huwa nazichukua kwa chumvi, lakini sababu waliyoitaja inaniingia akilini.

Jambo la hiari nalo limepimwa. Ethan Mollick na Nancy Rothbard waliingiza mchezo wenye sura ya mpira wa kikapu kwenye kazi ya timu za mauzo za kampuni moja. Waliouona mchezo huo kuwa halali, waliojisikia wameuridhia, walifurahia kazi zaidi. Wasiouridhia waliichukia kazi kuliko hapo mwanzo. Mchezo ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni kitenzi.

Wanasaikolojia walikuwa wameonya mapema. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti watoto wa shule ya awali huko Stanford ikiwa wangechora, na watoto hao walikuwa wanapenda kuchora tayari. Wiki chache baadaye, vyeti vikiwa vimekwisha, watoto waliokuwa wameahidiwa walichora kwa nusu tu ya muda wa wenzao wasioahidiwa. Nimeona wauguzi na walimu waliofikishwa hapo. Huwezi kumlipa mtu pointi kwa kuwa mpole kwa mgonjwa bila siku moja kumfanya ajiulize upole una pointi ngapi.

Basi twende kwa wanaochezewa, ambako sina subira. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliandika kuhusu chumba cha kufulia cha hoteli za Disneyland huko California. Skrini kubwa ziliwekwa ukutani zikionyesha jina la kila mfanyakazi na kasi yake ya kupitisha mashuka na taulo, ikilinganishwa na ya wenzake na kupakwa rangi kulingana na jinsi alivyoikaribia tageti. Wafanyakazi waliita skrini hizo mjeledi wa kielektroniki. Baadhi yao walianza kuacha kwenda chooni ili jina lisibadilike rangi. Mwaka 2019 Washington Post liliripoti kwamba Amazon imeweka michezo ya video kwenye baadhi ya maghala yake, ambapo kasi ya mkono wa mtu kuchukua bidhaa rafuni husukuma gari la mashindano au joka kwenye kioo. Kushiriki ni hiari, kampuni ilisema. Lakini kasi ya mkono hupimwa ushiriki usishiriki, na joka halimwondolei mtu maumivu ya mgongo.

Madereva wa Nairobi na Dar es Salaam wanaujua mchezo huu kwa ndani zaidi. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na Dar mwaka 2016, na wengine wakafuata. Bonasi ya safari kadhaa kabla ya Jumapili usiku, nyota za abiria, maeneo yanayowaka rangi kwenye ramani: dereva anaambiwa ni mjasiriamali aliye huru, kisha anashikwa mkono hatua kwa hatua. Mwaka 2017 New York Times lilieleza jinsi kampuni hiyo nchini Marekani ilivyomwambia dereva aliyetaka kuzima programu kwamba amebakiza dola 10 tu kufikia dola 330, je, ana hakika anataka kuondoka? Tarakimu 330 haina maana yoyote. Si kodi ya nyumba, si ada ya mtoto. Imetolewa hewani ili pawepo na kitu cha kufikia, na mtu aliyechoka husogea tena mtaa mmoja, kisha mwingine. Linganisha na konda: hesabu ya tajiri ni ya kikatili, lakini haihamihami, na ikitimia imetimia. Mwaka 2022, Uber iliposimamisha huduma Tanzania kwa miezi kadhaa kwa kutokubaliana na mamlaka ya usafiri wa ardhini, vita vilikuwa vya asilimia ya kamisheni na nauli. Kamisheni inaonekana kwenye karatasi. Tarakimu ya kuhamahama inaonekana na dereva peke yake, saa nne usiku, kwenye kioo kilichopasuka.

Kiongozi wa timu ya watu kumi na wawili anayesoma haya atauliza afanye nini Jumatatu. Kwanza ahakikishe ugonjwa ni wa motisha. Mara nyingi si wa motisha: mshahara umechelewa, mtandao unakatika, mkuu wa idara anatukana. Hakuna beji inayotibu hayo, na kuileta wakati huo ni kumfanya mtu mzima mtoto. Ikiwa ni motisha kweli, mchezo hukaa vizuri zaidi kwenye kazi za pembeni ambazo hazina mwenyewe. Microsoft ilipotaka kuhakiki tafsiri za Windows 7 katika lugha nyingi, iliwaomba wafanyakazi wake wazungumzaji wa lugha hizo wacheze mchezo wa kuwinda makosa kwenye skrini. Zaidi ya watu 4,500 walijitokeza, wakakagua zaidi ya skrini nusu milioni. Haikuwa kazi ya ajira yao. Asiyetaka hakupoteza kitu. Na anayejua lugha yake ana furaha ya peke yake anapomkamata mfasiri.

Kwa kazi ya kila siku ningeihesabu timu nzima dhidi ya mwezi wake uliopita, na msimamo wa mtu mmoja mmoja ningemwonyesha mwenyewe faraghani. Ningeweka tarehe ya mwisho, kwa sababu mchezo usio na kipenga cha mwisho hugeuka ukaguzi. Ningewaachia wao wachague kinachohesabiwa, nikijua watachagua kwa ujanja, na ningeapa mbele yao kutopandisha tageti kwa sababu tu wameivuka. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa kiongozi wa timu mara nyingi naye ana msimamo wake huko juu, na jina lake lina rangi.

Kuna jambo moja la New Lanark sikulisema. Owen aliweka utaratibu kwamba mfanyakazi aliyeona msimamizi wake amempa rangi isiyo ya haki alikuwa na ruhusa ya kumwendea Owen mwenyewe, au mkuu wa kiwanda asipokuwapo, akalalamike kabla alama haijaingia kitabuni. Huyo alikuwa bwana wa kiwanda wa miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, mwenye mamlaka yote, naye aliona haja ya kuwa na mlango wa kubisha. Dereva wa Dar aliyeshushwa nyota na abiria mlevi ana kitufe cha msaada. Akikibonyeza anapata orodha ya maswali yaulizwayo mara kwa mara, na la kwake halimo.